Nusu Kenya, Nusu Makomeno

Jumatatu, 13 Januari

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikiendelea kuwaambia watu usoni yaliyo moyoni mwangu, nitafukuzwa kazi. Humu nitafoka bila kumvunjia mtu heshima.

Mimi ni mwalimu wa informatique, mambo ya kompyuta, katika lycée ya masista, sekondari ya wasichana, commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nina wasichana ishirini na wawili wa mwaka wa mwisho na mashine ishirini na nne, zote nzee, tulizopewa na ofisi moja ya mjini ilipopata mpya. Leo ma soeur Michelle, préfète wetu, yaani mkuu wa shule, ameniita akanipa barua ya inspection. Tarehe 28 Machi inspekta atakuja kukagua chumba changu. Kikipita, wasichana watafanyia humu jury pratique, ule mtihani wa vitendo ambao bila huo hakuna diploma. Kisipopita, hawafanyi.

Barua inadai suite ya ofisi, kifurushi cha programu, ya toleo la karibuni: ya kuandika, ya majedwali, na yenye publipostage, yaani unatunga barua moja, programu inaijaza yenyewe majina na anwani za watu wote walio kwenye orodha. Suite tuliyo nayo ni ya zamani kama mashine zenyewe. Faili ya inspection ikifunguliwa humo, majedwali yanatawanyika ukurasa mzima. Na toleo jipya lililo tayari kwa mashine za umri huu halipo tena, wanaoitunga waliacha kulitoa. Wanachompa kila mtu ni maandishi ya programu, mistari mamilioni, bure kabisa, ujitengenezee mwenyewe kama unaweza.

— Jeanne, mwanangu, utaweza? ma soeur aliniuliza.

— Nitaweza, ma soeur.

Mdomo huu utaniua siku moja.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda Kasapa, chuo kikuu, kumwona David Mukuka. Niliwahi kuapa sitamwomba kitu maisha yangu yote. Tulisoma pamoja, na siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho alisimama mbele ya watu akaonyesha kosa kwenye ukurasa wa tisa. Kosa lilikuwepo, sikatai, lakini angeweza kuniambia pembeni. Sasa ni assistant pale chuo kikuu, anaishi mtaa wa Makomeno, ana mashine yenye memory mara mbili ya yangu na betri za kuiendesha umeme ukikatika.

Amenipa diski yenye maandishi yote ya suite, halafu tukagombana juu ya compilateur. Compilateur ndiyo inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa vipande ambavyo mashine inaweza kuviendesha. Suite hii ina vipande maelfu, na vikiisha vyote vinafungwa pamoja kuwa programu moja. Za bure ziko mbili. GCC ni ya zamani, ndiyo niliyojifunzia, na watu wengi waliohangaika na mashine nzee kama zetu wametumia hiyo. Clang ni changa zaidi, na David haoni wala hasikii kingine.

— Clang inakula memory kidogo, alisema. Na inaenda mbio. Na ile délestage yenu ya kule, courant inakatika-katika, GCC itakukamata paka mwezi wa sita.

— Miye najua GCC.

— Kujua haiko sababu, Jeanne.

— Kwangu iko sababu.

Nimerudi na diski kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, mvua inanyesha. Nitatumia GCC. Hata kama Clang ingekuwa inapika na ugali, ningetumia GCC.

Jumapili, 26 Januari

Nimeanza, baada ya misa. Nyumbani tuko wawili, mimi na yaya Lucien, kaka yangu mkubwa, ambaye anaunga vyuma uani: milango, madirisha, vitanda. Siku ambayo mtaa wetu una zamu ya umeme, tunaupata asubuhi hadi saa nane. Lucien akiwasha poste yake, ile mashine ya kuungia, umeme wa nyumba nzima unalegea na mashine yangu inazima.

— Yaya, ngoya kidogo, minatengeneza kintu ya masomo.

— Miye naye minatengeneza mulango ya bantu. Weye unatengeneza nini? Minaona paka maandishi tu inapita.

— Njo kazi yenyewe.

— Kuangalia maandishi inapita? Basi niache fer, nikuye nikusaidie kuangalia.

Wateja wake walicheka. Sikucheka.

27 Januari

Umeme umekatika saa tatu asubuhi. Vipande mia mbili na kumi na viwili.

28 Januari

Hakuna umeme.

29 Januari

Hakuna umeme. Mvua.

30 Januari

Lucien ameunga kitanda cha chuma. Mashine imezima mara nne. Hatujasemeshana.

Jumatano, 5 Februari

Nimegundua kitu kibaya. Umeme ukikatika, vipande vilivyokwisha vinabaki, na kazi inaendelea pale ilipoishia. Ndivyo nilivyojua, na ni kweli. Lakini kile kilichokuwa kinaandikwa dakika ile ile kinabaki kitupu, jina lipo na ndani hamna kitu, na compilateur kesho yake inakiona inadhani kimekwisha. Nimekuwa nikijenga juu ya mashimo. Leo nimepitia vipande elfu moja na mia nne kimoja kimoja kutafuta vitupu. Nimepata kumi na saba.

Shuleni tunajizoeza kwenye suite ya zamani. Bénie Ngosa amemaliza zoezi dakika ishirini kabla ya wenzake, akaanza kumsaidia jirani yake kwa kunong'ona. Nikamkaripia kwa desturi tu. Bénie ana miaka ishirini na mbili. Baba yake alipofariki alikaa nyumbani miaka miwili, kisha baba yake mdogo akakubali arudi shuleni, mwaka mmoja, wa mwisho, zaidi ya hapo hapana. Alijiandikisha Novemba, wenzake wakiwa wameshaanza. Anachapa bila kuangalia vidole.

— Madame, ile suite mupya itakuya lini?

— Karibu.

— Minauliza juu njo nijizoeze publipostage muzuri. Ile ya zamani inadanganya.

Nimesema karibu kama mtu anayejua anachosema.

11 Februari

Mvua siku nzima. Hakuna umeme.

12 Februari

Umeme wa saa moja na nusu. Vipande tisini.

13 Februari

Lucien anasema mteja wake wa lango kubwa hawezi kungoja. Nimemwambia nami nina watoto ishirini na wawili wanaongoja. Akajibu kwamba hao hawali kwake. Ni mchoyo. Niliona aibu kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Jumamosi, 22 Februari

GCC imefika kwenye mafaili makubwa ya upande wa majedwali na memory imejaa. Mashine inagoma, kipanya hakitembei kwenye kioo, halafu kazi inauawa yenyewe. Nimejaribu kipande kimoja kimoja badala ya vinne kwa pamoja. Kinapita, lakini kwa mwendo wa konokono, na umeme unakatika kabla sijafika popote.

Nimekaa chini uani nikalia, mbele ya poste ya Lucien. Aliniangalia, akazima, akaingia ndani. Nilidhani ameudhika. Baadaye nikakuta ameniwekea chai.

Jumatatu, 24 Februari

Nimemeza kiburi nikampigia David. Nilijiandaa kusikia "nilikuambia". Hakusema.

— Makomeno iko na courant wakati Kenya haina, alisema. Minaanza kwangu, yote, na Clang. Utakuya kuchukua.

— Na yangu ya GCC?

— Endelea nayo kama unapenda. Ile itamaliza mbele ya ingine, njo tutabeba. Lakini Jeanne, usichanganye. Yako ni yako, yangu ni yangu.

— Unanizania mutoto?

— Hapana. Minakujua.

Bwana huyu hajabadilika. Hata akisaidia anamtoa mtu makosa.

3 Machi

Umeme wa saa tatu nzima! Vipande mia nne. Nimeimba jikoni.

4 Machi

Hakuna umeme.

6 Machi

David ameandika kwamba amevuka nusu, tena upande mgumu, ule wa hifadhi za data ambamo publipostage inapatia majina yake. Alianza mwezi mmoja nyuma yangu. Sijamjibu. Nilikuwa na furaha na wivu kwa pamoja, na wivu ulikuwa mkubwa.

10 Machi

Bénie ameuliza tena. Karibu, nimesema.

Jumatatu, 17 Machi

Jana radi imepiga Makomeno. Betri za David zimeungua, na kile kifaa chake cha kugeuza umeme pia. Mashine yenyewe haitaki kuwaka. Diski imepona. Kwenye diski kuna nusu ya suite, ya Clang.

Nyumbani kwangu, Kenya, kuna nusu nyingine, ya GCC: upande wa kuandika wote, na majedwali karibu yote.

Zimebaki siku kumi na moja.

Jumanne, 18 Machi

David amekuja nyumbani na diski. Lucien alimpa kiti. Tulikaa watatu uani, mawingu yakiwa meusi juu ya Kenya yote.

— Futa yako, David alisema. Weka Clang ku machine yako, tuanze mupya, yote. Clang haitakujazia memory kama GCC. Siku sita, labda saba. Itatosha.

— Nifute wiki saba?

— Nusu ya GCC haikusaidie kitu.

— Iko nusu yako na nusu yangu. Inafanya moya.

— Haifanye moya. Sikiliza. Ndani ya suite, kipande moya kikikuta matatizo, kinarusha taarifa, na kingine kinadaka. Bale babiri, GCC na Clang, banaweza kurusha na kudaka tofauti. Siku zote utaona inafanya muzuri. Siku kintu kinakosekana, inaanguka yote.

— Labda.

— Labda, ndiyo. Miye sijue kama itaanguka. Lakini weye naye haujue kama haitaanguka.

Nilimwambia asante, nitafanya alivyosema. Lucien alikuwa ananiangalia.

Jumatano, 19 Machi

Sikufuta.

Nilikaa mbele ya mashine tangu umeme ulipokuja. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kufuta, imebaki kubonyeza tu. Kila kipande mle ndani nakijua. Nakumbuka siku zake za mvua, ugomvi wake na yaya wangu, na vile vitupu kumi na saba nilivyovitafuta mpaka macho yakauma. Siku sita kwa Clang alizipiga David, kichwani, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Umeme ukikosekana siku nne tu, nitafika tarehe 28 mikono mitupu. Nikichanganya, kesho kutwa nina suite.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ziko nyingine, na daftari hili nililinunua nisiseme uongo. Sikutaka suite ya wasichana wangu iwe ya Clang. Sikutaka iwe ya David.

Nimechukua vipande vyake nikaviweka kando ya vyangu.

Ijumaa, 21 Machi

Vimefungika! Programu imewaka! Haikulalamika hata neno moja. Nimeandika barua, nimetengeneza jedwali, nimeunda orodha ya watu ishirini wa kubuni, kila mmoja na avenue yake na namba ya nyumba yake, nikafanya publipostage. Barua ishirini zimetoka safi.

Nimemkumbatia Lucien akiwa na barakoa yake ya chuma usoni.

Nimemwandikia David: "Imekwisha." Akajibu: "Clang yote?" Nikajibu: "Imekwisha, David."

Jumatatu, 24 Machi

Mashine zote ishirini na nne zina suite mpya. Wasichana walipiga vigelegele mpaka ma soeur Michelle akaja kuona nani ameumia. Bénie hakupiga kelele. Alikaa akafanya publipostage mara nane mfululizo.

Ijumaa, 28 Machi

Inspekta Katongo alifika saa tatu asubuhi, viatu vimejaa tope, mtu mpole. Alisalimia kila msichana kwa mkono. Ma soeur alikuwa amefua mapazia.

Aliniomba nimpe mwanafunzi mmoja wa kujaribu. Nikamweka Bénie kwenye mashine ya kwanza. Inspekta akatoa kifaa chake kidogo chenye faili mbili, barua ya mwaliko na orodha ya wazazi arobaini. Wazazi wa kweli, wa humu humu mtaani. Bénie alifungua, akaunganisha, akabonyeza. Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya sita.

Programu ikatoweka. Haikutoa onyo wala haikugoma kwanza. Kulikuwa na barua, halafu kukawa na kioo kitupu.

— Umebonyeza nini? inspekta alimwuliza.

— Sijagusa kintu, Papa.

Akarudia. Ya sita, kioo kitupu. Akahamia mashine ya pili, ya tatu. Inspekta akasema wote wakae wajaribu. Suite ishirini na mbili zikazima karibu kwa pamoja, na wasichana wakageuka kuniangalia.

Niliifungua ile orodha. Mzazi wa saba hana namba ya nyumba. Nafasi ile ni tupu. Nani ana namba ya nyumba huku kwetu? Ninyi mnaosoma, kama mpo, niambieni: mimi niliyezaliwa Kenya nilibuni watu ishirini, na wote nikawapa namba! Programu ilipokuta pengo ilitaka kutoa taarifa tu, mstari mmoja, kwamba anwani haikukamilika. Upande wa David ulirusha. Upande wangu haukudaka.

Inspekta alitupa nusu saa. Nusu saa ya nini? Nilibonyeza bonyeza ili nionekane ninafanya kitu.

— Madame, alisema mwishoni, liste ya ma-centres ya mutihani inatoka kesho. Sina vile nitafanya. Nimesikitika sana.

Aliposhika njia, ma soeur Michelle alifunga mlango wa ofisi.

— Njo ile kazi ya ule bwana wa Kasapa? aliniuliza. Ametuharibia batoto.

Nikanyamaza. Nimeandika sentensi hii mara mbili nikaifuta, sasa naiacha: nikanyamaza.

Jumamosi, 29 Machi

Sijala.

Jumapili, 30 Machi

Nilimngoja ma soeur nje ya kanisa, mvua inanyesha, nikamwambia yote. Kwamba David alinikataza, kwamba nilimdanganya, kwamba nilipenda kazi yangu kuliko wasichana. Ma soeur alinivuta chini ya mwavuli wake.

— Juu ya nini haukuniuliza? alisema. Miye sijue compilateur. Lakini ungeniuliza kama unaweza kudanganya muntu anakusaidia, ningekujibu.

Nikaenda Makomeno kwa miguu, nikamwambia David naye. Alikuwa anapangusa masizi ukutani, mahali betri zilipokuwa.

— Uko na ile diski? aliuliza.

— Niko nayo.

— Courant yenu iko?

— Kesho asubuhi.

— Basi kesho.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 31 Machi

Nimefuta. Ilichukua sekunde chache.

Tumeanza upya na Clang peke yake. Ma soeur ameandika kwa inspection kuomba tuangaliwe tena. Lucien alikuwa na lango uani, limebaki kuungwa bawaba. Alipoona tunawasha, aliusogeza mkokoteni wake na poste yake nje ya ua.

— Unaenda wapi, yaya?

— Kwa Gauthier, minaenda kusouder kwake. Yeye iko na groupe ya kutoa courant.

— Utalipa mafuta yake.

— Njo vile. Ninyi angalieni maandishi inapita.

Huyu ndiye niliyemwita mchoyo.

1 Aprili

Umeme wa saa nne. Memory haijajaa hata mara moja.

2 Aprili

Umeme wa saa tano. Wasichana hawaniulizi tena.

3 Aprili

Umeme ulikatika mchana, ukarudi. Vitupu viwili, David amevipata haraka.

4 Aprili

Majibu ya inspection: chumba hakiangaliwi mara ya pili mwaka huu. Lycée nyingine ya mjini inaweza kuwapokea wasichana tisa, kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha. Ma soeur aliisoma barua mara mbili kwa sauti, kama ya pili ingekuwa tofauti.

Bénie ni wa ishirini kwenye orodha.

Nimewaendea masista, nimewaendea walimu wa ile lycée, nimekwenda hadi mlangoni kwa inspekta Katongo. Alinipa maji ya kunywa. Nikamwambia yuko msichana mmoja anayestahili kuliko wote. Akauliza, nimtoe nani kati ya wale tisa? Sikuweza kutaja jina. Wote ni wangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Imekwisha, saa saba mchana. Siku sita.

Nimeipa orodha ile ile ya wazazi arobaini. Kwa yule wa saba ilisimama, ikatoa mstari mmoja wa kistaarabu: anwani haikukamilika, uendelee? Nikabonyeza ndiyo. Ikaendelea hadi arobaini.

David alihesabu kwa vidole, kutoka tarehe 19. Nilimwona akihesabu. Ingekwisha tarehe 24. Alipoona ninamwangalia akakunja ngumi.

— Pole, Jeanne, alisema.

Yeye ndiye aliyesema pole. Nililia kwa kelele, kama msiba, hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua zimeanza kupungua. Ma soeur ameniomba niandike barua kwa wazazi wa wale kumi na watatu. Alikuwa ametunga mwenyewe: "kwa sababu za kiufundi". Nikafuta, nikaandika "kwa kosa la mwalimu wa informatique", na jina langu lote, Jeanne Kangwa. Alisoma, akaweka muhuri.

Barua kumi na tatu kwa kubonyeza mara moja. Programu haikukwama popote.

Jumatano, 9 Aprili

Nimezipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa kuuliza watu, kwa sababu namba hamna. Mama mmoja alinifukuza. Mwingine alinipa kiti na kunifariji, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Baba mdogo wa Bénie alisoma taratibu, akakunja karatasi mara nne.

— Madame, miye nilisema mwaka moya.

— Najua, Papa. Mwaka ujao chumba kitakuwa tayari, mashine sasa zinafanya muzuri sana.

— Mwaka moya, Madame. Niko na bengine batano nyuma yake.

Hakupandisha sauti. Bénie alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Hakugeuka, na mimi sikuthubutu kumwita.

12 Aprili

Jua. Wale tisa nimewapeleka kuonyeshwa chumba watakamofanyia mtihani. Mashine zote mpya. Walifurahi, kisha wakaona aibu kufurahi.

Jumatatu, 14 Aprili

Bénie amekuja saa nne, mapumziko, bila uniforme, amevaa kikwembe na blauzi ya mama yake. Alisimama mlangoni kama mgeni.

— Madame, naweza kutumia machine? Dakika kidogo tu. Kuko dépôt moya ya kuuzisha saruji inatafuta muntu wa bureau. Inataka barua.

— Ingia.

Alikaa kwenye mashine ya kwanza. Nilijifanya ninasahihisha madaftari. Alichapa bila kuangalia vidole, akapanga pambizo, akaweka anwani yao upande wa kulia na ya wale wa dépôt upande wa kushoto, tarehe, kichwa cha habari, aya tatu fupi. Kwenye masomo ameandika: "Mwaka wa sita, haukumalizika." Kisha akaniita, kama darasani, kwa kuinua mkono.

— Madame, unisahihishie.

Nikavuta kiti nikakaa kando yake. Nilisoma polepole, neno kwa neno, kisha nikarudia tangu juu, kwa maana nilitaka sana kuwa na kitu kimoja cha kumfundisha. Pambizo sawa, nafasi sawa, tahajia sawa. Chini ya karatasi, mahali pa sahihi, alikuwa ameacha nafasi ya mistari minne, ile ile ninayowadai kila mwaka na ambayo hakuna anayeikumbuka.

— Iko na makosa, Madame?

— Hapana, Bénie. Hakuna hata moja.

Akangoja niongeze neno. Nikawasha imprimante, nikamtolea nakala mbili.